Neno Ambalo Zuena Hakulisikia

Barua za Zuena kutoka China zilisomwa dukani kabla hazijafika nyumbani. Baba yake, Abdulkadir wa mtaa wa Majengo, alikuwa fundi wa sare za shule karibu na soko la Nyeri, na kila alipochukua bahasha posta aliifungua pale pale kwenye meza ya kukatia, kati ya mkasi na vipande vya kitambaa cha kijani, akawasomea wateja. Mzazi aliyekuja kupimiwa mwanawe kaptula alisikia kwanza habari za theluji, habari za baiskeli zinazojaza barabara kama nzige, habari za wali asubuhi, mchana na jioni. Kisha Abdulkadir hukunja barua na kusema, "Mtoto wa Majengo huyu. Anaongea Kichina kama maji."

Zuena hakuandika hivyo. Yeye aliandika tu kwamba masomo yanaendelea vizuri na lugha ameizoea. Lakini mama yake, Mwanaisha, alimweleza kwa barua jinsi baba anavyomsifu mtaani na msikitini, na Zuena hakuandika lolote la kumrudisha nyuma. Sifa ni tamu, hasa ukiwa mbali na baridi inakutafuna.

Aliondoka mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka kumi na tisa, mmoja wa wachache waliopewa nafasi na serikali kwenda kusomea udaktari. Mwaka mmoja alifundishwa lugha huko Beijing, kisha akapelekwa chuo cha tiba katika mji wa Wuhan, kusini zaidi. Alikuwa na kichwa cha kuhifadhi. Tangu madrasa ya Majengo, mwalimu akisoma aya mara mbili, ya tatu Zuena aliisoma yeye. Kichwa hicho hicho alikipeleka kwenye maandishi ya Kichina. Aliyahifadhi kwa umbo, moja moja, kama mtu anayekariri nyuso za watu wa ukoo, na kwenye mitihani ya kuandika alipata alama ambazo hata Wachina waliziangalia mara mbili.

Tatizo lilikuwa sikio. Beijing walimu walizungumza taratibu na kwa usafi. Wuhan watu waliongea kwa lafudhi yao, haraka, huku wakila, huku wakicheka, na Zuena hakushika kitu. Darasani alinakili ubao. Kantini alionyesha chakula kwa kidole. Bwenini aliishi na Waafrika wenzake, wakazungumza Kiswahili na Kiingereza, na kidogo Kifaransa kibovu. Mchina akimsemesha, Zuena alikuwa na neno moja lililomtosha: "mingbai", yaani nimeelewa. Alilisema huku akitikisa kichwa kukubali, na mtu alienda zake akiwa ameridhika. Kwa miaka mitatu alijificha ndani ya neno hilo.

Julai mwaka 1987 alipewa tiketi ya likizo, ya pekee katika masomo yake yote. Nyeri ilikuwa kwenye baridi yake ile ya kufanya watu wavae makoti mpaka jikoni, na mlima haukuonekana wiki nzima. Nyumbani walimpokea kwa pilau. Majirani walikuja mmoja mmoja kumtazama, na kila mmoja alimwomba aseme kitu kwa Kichina. Alisema sentensi za kitabu cha mwaka wa kwanza: leo hali ya hewa ni nzuri, mimi ni mwanafunzi kutoka Kenya. Watu walipiga makofi. Abdulkadir alitazama sakafu kwa furaha, kama bwana harusi.

Siku ya kumi na mbili Land Rover ilisimama mbele ya duka. Dereva wake aliitwa Simeon Gicheru, na alikuwa akifanya kazi na kampuni ya Wachina waliokuwa wakichimba visima vya maji mashambani karibu na Naro Moru. Alikuwa na wasiwasi.

"Mzee, ndio wewe baba ya yule msichana anaongea Kichina?" aliuliza. "Kuna fundi wetu amekatwa na bomba kwa mguu. Mkarimani ameenda Nairobi. Tumempeleka kliniki ya Naro Moru, lakini akionyeshwa sindano anapiga kelele, na hakuna mtu anajua anasema nini."

Abdulkadir hakumuuliza Zuena. Alitupa utepe wake wa kupimia shingoni na kusema, "Twende. Huyu ni karibu daktari."

Njia nzima Zuena alijipanga kichwani maneno ya majeraha: mfupa, damu, usaha, homa. Aliyaona yote yakiwa yameandikwa. Alijiambia kwamba mgonjwa huongea polepole. Alijiambia mengi.

Kliniki ilikuwa nyumba ya mabati yenye vyumba vitatu, mali ya mfanyabiashara mmoja aitwaye Moffat Mutahi. Aliyeiendesha hasa alikuwa muuguzi, Sista Monicah Ngendo, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye sweta ya buluu juu ya gauni jeupe na mikono isiyotetemeka. Mgonjwa, Bwana Luo, alilazwa kwenye kitanda cha ngozi bandia, mguu umefungwa bandeji iliyoanza kulowa. Mlangoni walijaa wafanyakazi wa visima, wanawake waliotoka sokoni na watu wengine waliokuja kusikia msichana mweusi akizungumza na Mchina.

"Asante kwa kuja," alisema Sista Ngendo. "Hii mguu nimeosha, nimeshona. Sasa lazima nimdunge penisilini, hapo kulikuwa na matope mingi. Lakini akiona sindano anakataa. Muulize kwanza kama kuna dawa huwa inamkataa."

Zuena aliinama karibu na mgonjwa na kusema kwa Kichina cha kitabu, "Habari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari. Una tatizo gani?"

Uso wa Bwana Luo ulifunguka. Alimshika Zuena mkono kwa mikono yake miwili, na maneno yakamtoka kama mahindi yanayomwagika kutoka gunia lililopasuka. Alikuwa mtu wa mikoani, lafudhi yake nzito kuliko hata ya Wuhan. Katika mmwago ule wote Zuena aliokota punje mbili: neno "sindano" na neno "siwezi".

Nyuma yake mlangoni mtu alinong'ona, "Unaona? Wanaelewana." Na sauti ya baba yake ikajibu, "Si nilikuambia."

Kalamu ilikuwa mfukoni mwa sweta ya Sista Ngendo. Zuena aliiona. Angemwomba, akampa Bwana Luo na kipande cha karatasi, angesoma kila alichoandika, maana kusoma ndiko alikokuweza kuliko yote. Lakini mtu anayeongea kama maji haombi karatasi. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na Zuena siku ile alikuwa ameufunika uchi wake kwa mikono yote miwili.

Akatikisa kichwa. "Mingbai," alimwambia mgonjwa. "Mingbai, mingbai."

Bwana Luo akashusha pumzi. Akalegea, akaachilia mkono wake, hata akatabasamu.

"Amesema nini?" aliuliza Sista Ngendo.

"Anaogopa sindano tu," alijibu Zuena. "Nimemtuliza."

"Na dawa? Hakuna inamkataa?"

"Hakuna. Ni uoga."

Safari hii Bwana Luo alipoona sindano hakupiga kelele. Alimtazama Zuena, Zuena akatikisa kichwa, naye akageuza paja lake mwenyewe. Alidhani ameeleweka na dawa imebadilishwa.

Haikupita dakika tano midomo yake ikaanza kuvimba. Kifua kilipiga mluzi. Alijishika shingo, macho yakamtoka, na kwa pumzi iliyobaki alisema neno moja, akilikata vipande: ching, mei, su. Lilipotamkwa polepole hivyo Zuena alilisikia, na papo hapo akaliona, maandishi matatu juu ya ukurasa wa kulia wa kitabu chake cha dawa. Penisilini. Aliliandika kwenye mtihani wa mwezi wa tano bila kukosea hata mstari mmoja.

Sista Ngendo hakuuliza kitu. Alifungua kabati, akavunja kichupa cha adrenalini, akamdunga, akamlaza miguu juu, akamwita Simeon alete gari mlangoni. Alisafiri naye nyuma ya Land Rover mpaka hospitali ya Nyeri, akimhesabia mapigo ya moyo kwa sauti njia nzima. Bwana Luo alipona. Siku tatu baadaye kampuni ilimhamishia Nairobi.

Mambo yangeishia hapo yangekuwa kosa, na kosa ni la binadamu. Lakini Jumamosi iliyofuata Moffat Mutahi alikuja Majengo kwa miguu, kofia mkononi, akakaribishwa sebuleni. Mwanaisha akaleta chai ya tangawizi.

"Kampuni imelalamika," alisema Mutahi. "Wanasema mtu wao alidungwa dawa mbaya na hakuulizwa kitu. Sista Ngendo anasema alikuambia umuulize mambo ya dawa. Mara mbili. Ni ukweli?"

Zuena alikuwa ameketi karibu na mama yake. Baba yake alikuwa kiti cha mbele, na alikuwa akimtazama bila wasiwasi wowote. Huko kutokuwa na wasiwasi ndiko kulikomshinda.

"Hakuniambia," alisema. "Aliniambia nimtulize ili achomwe sindano. Nikamtuliza."

"Habari ya dawa hakutaja?"

"Hakutaja."

Mutahi alizungusha kofia yake. "Sista amefanya kazi na mimi miaka tisa," alisema polepole.

"Bwana Mutahi," alisema Abdulkadir, "binti yangu hasemi uongo."

Wiki ile ile Sista Ngendo aliachishwa kazi, na barua aliyopewa ilisema ni kwa uzembe. Zuena alisikia habari hiyo kwa mama yake, wakichambua mchele uani, na mikono yake iliendelea kuchambua kana kwamba haikusikia. Siku kumi baadaye alipanda ndege.

*

Alirudi Wuhan akiwa na njaa ya kitu kimoja. Alikwenda kwenye ofisi ya wanafunzi wa kigeni, akamwambia karani kwamba anatafuta masomo ya ziada ya mazungumzo. Alikuwa ameiandika sentensi hiyo kwanza, akaisoma. Karani alitoa faili lake.

"Alama zako za lugha ni tisini na moja," alisema. "Mwaka wako wa lugha umekwisha. Masomo hayo ni ya wageni wapya."

Zuena alikwenda hata kwa hao wapya. Kwa wiki tatu aliketi nyuma ya darasa lao, mkubwa kuliko wote, lakini nao walisoma kutoka kitabuni kwa pamoja, naye alijua kitabu kile kwa moyo. Alibandika tangazo kwenye ubao wa bweni. Mvulana mmoja wa Kichina akaja, lakini alitaka kufanyia Kiingereza chake mazoezi, na kila Zuena alipofungua mdomo kwa Kichina yeye alijibu kwa Kiingereza.

Mwishowe aliyemwokoa alikuwa mpishi. Chuo kilikuwa na kantini ndogo ya Waislamu, na mama aliyepakua chakula pale, Mchina Mwislamu jina lake Ma, alikuwa amemwona Zuena kila siku kwa miaka mitatu akinyoosha kidole kuelekea tambi au nyama ya kondoo. Siku hiyo Zuena hakunyoosha kidole. Alisimama na bakuli lake akasema, "Ninataka kujifunza kuongea."

Mama Ma aliweka upawa chini. "Kumbe unaongea," alisema. "Miaka mitatu nilidhani wewe ni bubu." Ilibidi alirudie mara tatu ndipo Zuena alielewe, na alipolielewa aliona masikio yakimwaka kwa aibu.

Jirani yake Mama Ma alikuwa Mwalimu Shen, mama mzee aliyestaafu shule ya msingi. Mara mbili kwa wiki, saa za alasiri, alifundisha katika ukumbi wa wafanyakazi. Wanafunzi wake walikuwa makondakta wa mabasi na wauzaji wa maduka waliotoka vijijini, ambao walitakiwa na wakubwa wao kuzungumza Kichina sanifu na abiria na wateja. Wachina waliokuwa wakifundishwa kuongea Kichina! Zuena hakuwahi kufikiri kwamba watu kama hao wapo. Ofisi ilichukua mwezi mzima kutoa kibali cha mgeni kuketi nao.

Mwalimu Shen alikuwa mfupi, mwenye nywele zilizokatwa kwa usawa wa masikio, na mlangoni mwake palikuwa na kikapu. Kila aliyeingia aliacha humo kalamu na daftari. Siku ya kwanza alimsimamisha Zuena mbele ya watu kumi na wanne, akamwambia jambo refu. Zuena akatikisa kichwa.

"Mingbai," alisema.

"Nimesema nini?" aliuliza Mwalimu Shen.

Zuena akatazama kikapu cha kalamu mlangoni.

"Basi hukuelewa. Sema hukuelewa."

Zuena hakuweza. Kondakta mmoja, mwanamke mnene aliyevaa bado mkoba wake wa tiketi, akamsaidia kwa kulitamka polepole. Sijaelewa. Zuena akalirudia kwa sauti ndogo. Mwalimu akaweka kiganja sikioni, kama asiyesikia. Akalirudia kwa sauti kubwa. Alipoketi aliwaza kwamba neno hilo lilikuwa dogo tu, na kama angelisema Naro Moru, Sista Ngendo angekuwa bado na sweta yake ya buluu.

Hakukosa somo hata moja. Alijifunza kuuliza njia, kulalamikia samaki aliyechacha, kugombea kiti. Makondakta walimcheka, naye akajifunza kuwacheka wao. Kufikia majira ya kuchipua alianza kuwasikia wagonjwa wodini, kwanza neno moja moja, kisha maisha yao yote, maana mgonjwa akipata daktari anayesikia hamalizi.

Kulikuwa na zoezi ambalo Mwalimu Shen alilipenda: kila mmoja alisimama na kusimulia jambo moja lililompata. Zamu ya Zuena ilipofika mwezi wa tano, alisimulia habari za Bwana Luo. Alieleza vizuri, bila kukwama, mguu, sindano, jinsi alivyosema ameelewa na hakuelewa. Aliona Mwalimu Shen akipangusa miwani. Kwa mara ya kwanza Zuena alihisi kifua chake kikilegea.

Ndipo yule kondakta mnene akauliza, "Na muuguzi je? Yeye alifanywa nini?"

Zuena alilisikia kila neno. Lilikuwa wazi kama kengele ya shule. Alimtazama mama yule usoni, akasema, "Sijaelewa."

Kondakta akarudia swali kwa upole, polepole zaidi, kama anavyofundishwa mtoto. Zuena akasema tena, "Sijaelewa." Mwalimu Shen akaita mwanafunzi mwingine.

Zuena aliondoka siku hiyo bila kuchukua kalamu yake kikapuni. Alikuwa amelitafuta darasa lile ili apone, na alichokipata ni mahali papya pa kujificha.

*

Alirudi Kenya mwishoni mwa mwaka 1989, akapangiwa kufanya mazoezi katika hospitali moja ya serikali huko huko Nyeri. Abdulkadir alishona koti jeupe kwa mkono wake mwenyewe. Zuena alilivaa, akafanya kazi kwa bidii, na akajiambia kwamba atamtafuta Sista Ngendo akishazoea kazi. Alizoea. Akajiambia ni baada ya Ramadhani. Ramadhani ikaja ikapita.

Siku moja mwezi wa nane aliingia mgonjwa mwenye kifua, akakohoa, akamtazama na kucheka. Alikuwa Simeon Gicheru, yule dereva.

"Daktari, ulitusaidia sana ile siku," alisema, na hakuwa na kejeli. "Ule sista ndio karibu aue mtu. Siku hizi anauza nyanya Sagana, hapo kwa stendi. Aliomba kazi kila mahali, wakisoma barua yake wanamrudisha."

Zuena alimwandikia dawa. Jumapili iliyofuata alikwenda Sagana.

Alimkuta Ngendo ameketi nyuma ya meza ya mbao, nyanya zimepangwa mafungu mafungu, vitunguu pembeni. Alikuwa amekonda, lakini mikono ilikuwa ile ile. Alikuwa akipangusa nyanya moja moja kwa kitambaa chenye unyevu, kama aliyekuwa akisafisha vidonda.

"Karibu, mama. Nikupatie gani?" alisema, kisha akamtambua. Kitambaa kikasimama.

"Sista, shikamoo," alisema Zuena. Salamu hiyo ilikuwa ya nyumbani kwao Majengo, haikuwa ya Sagana, lakini hakuwa na nyingine.

"Mimi si sista. Ni mama nyanya."

"Nimekuja kusema ukweli. Uliniambia nimuulize habari ya dawa. Uliniambia mara mbili. Sikuelewa alichojibu, nikadanganya. Halafu nikamdanganya Bwana Mutahi."

Alitarajia matusi. Ngendo alipanga fungu lililobomoka, akaweka nyanya ya tano juu.

"Unafikiri sikujua?" alisema hatimaye. "Mimi nilikuwa naangalia macho yako. Mtu anaelewa hatikisi kichwa mbio hivyo. Nilijua na bado nikadunga, kwa sababu watu walikuwa mlangoni, na wewe ulikuwa umetoka ng'ambo, na mimi ni msichana wa Othaya nimesomea hapa tu. Hiyo ni yangu, nimebeba. Lakini ile ya Mutahi, hiyo ni yako. Nimekubebea miaka tatu."

"Nisamehe."

"Ndio ulale vizuri?" Ngendo alimtazama kwa mara ya kwanza sawasawa. "Wewe unajua kuandika. Andika. Weka sahihi, weka na mhuri wa hiyo hospitali yako kama watakukubalia. Na baba yako aambiwe, kwa sababu Mutahi aliniambia huyo ndiye alisema mimi ndio mwongo. Ukimaliza, ndio uje uniongeleshe mambo ya kusamehe."

Mteja alikuja akataka mafungu mawili. Zuena akasogea kando ampishe. Hakurudi tena mezani.

Barua aliiandika jioni hiyo hiyo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, bila kujitetea. Moja aliipeleka kwa Mutahi, nyingine kwa ofisi ya wauguzi Nairobi, ya tatu kwa mkubwa wake kazini. Mkubwa wake alimwita, akamfokea mlango ukiwa wazi, wauguzi wote wakisikia, na akamwandikia onyo lililokaa kwenye faili lake miaka mingi. Mutahi hakumjibu Zuena, lakini alimwandikia Ngendo barua nyingine badala ya ile ya kwanza. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata Ngendo aliajiriwa katika zahanati moja ng'ambo ya mto Sagana. Hakurudi Naro Moru, na meza ya nyanya alimwachia dada yake, Wachuka.

Lililokuwa gumu kuliko barua zote lilikuwa baba. Zuena alimweleza dukani, baada ya wateja kuondoka, akiwa amesimama pale ambapo barua zake zilikuwa zikisomwa. Abdulkadir alisikiliza huku akiuchomoa uzi kwenye pindo la sketi. Alichomoa wote mpaka mwisho.

"Nilimwambia yule bwana kwamba binti yangu hasemi uongo," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa umeketi hapo."

"Ndiyo, baba."

Kwa wiki kadhaa Abdulkadir alisema naye yale ya lazima tu: chakula kiko tayari, mlango ufungwe, mama yako anakuita. Msikitini watu walipomuuliza hali ya daktari wake, alijibu kwamba hajambo, akabadilisha mazungumzo. Zuena alitamani angemkaripia.

Kisha Alhamisi moja Abdulkadir hakufungua duka. Alivaa kanzu yake ya Idi na koti juu yake, akaondoka asubuhi bila kusema anakwenda wapi. Alirudi alasiri, viatu vimejaa vumbi jekundu, akaketi uani na kuomba maji. Zuena ndiye aliyemletea. Alikunywa yote, akamrudishia bilauri.

"Nilikwenda Sagana," alisema. "Nikamwomba radhi yule mama kwa maneno yangu. Amenikaribisha chai, amenipa na viazi. Tumezungumza vizuri."

Zuena alisubiri, bilauri mkononi.

"Wewe hakukutaja," alisema baba yake, akainama kuvua viatu.